Kulinganisha Matumizi ya Wananchi wa Nchi Mbili: Tanzania na Kenya tangu 1966

SOMO KWA MAKATIBU NA VIKUNDI VYA KUJIFUNZA VYA VYAMA VYA MSINGI

Kusudi la somo

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi, hasa msimu wa kuuza pamba unapokaribia, husikika mara nyingi hoja ya namna hii. Mwanachama mmoja husimama akasema kwamba wananchi wa Kenya hutumia fedha nyingi kuliko wa Tanzania, kwa hiyo maisha yao ni bora. Mwingine hujibu kwamba maskini ni wengi zaidi Kenya kuliko Tanzania, kwa hiyo walio bora ni Watanzania. Kila mmoja ana tarakimu yake, na kila tarakimu imetoka katika ofisi ya serikali. Mkutano hugawanyika, katibu huombwa atoe ufafanuzi, naye hukosa la kusema.

Somo hili linakusudia kumpa katibu ufafanuzi huo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Tarakimu nazo zimeundwa, na asiyejua zilivyoundwa huweza kupotoshwa na tarakimu zilizo za kweli kabisa. Matumizi ya nchi mbili hayalinganishwi mpaka yapitishwe katika vichujio vinne: idadi ya watu, kupanda kwa bei, thamani ya fedha, na kipimo kilichotumika. Mwishoni mwa somo vichujio hivyo vinatumiwa kupima bei ya pamba ya Simiyu, kwa kuwa mkulima asiyejua kuipima shilingi ya mwaka huu kwa ile ya miaka iliyopita huweza kushangilia nyongeza ambayo kwa kweli ni punguzo.

1. Matumizi ni nini

Wataalamu wa takwimu huligawa Pato la Taifa kwa namna linavyotumika. Sehemu ya kwanza ni matumizi ya kaya, yaani vyakula, mavazi, sabuni, nauli, matibabu, kodi ya nyumba na mengineyo yanayomalizwa na familia. Ya pili ni matumizi ya serikali, kama vile mishahara ya walimu na waganga. Ya tatu ni ukuzaji rasilimali, yaani vitu vinavyojengwa au kununuliwa ili vizalishe baadaye: barabara, mitambo, majengo. Mwisho huongezwa bidhaa na huduma zilizouzwa nchi za nje, na kutolewa zilizonunuliwa kutoka nje.

Mgawanyo huu unaeleweka vizuri zaidi ukipelekwa nyumbani kwa mkulima wa Bariadi. Sukari aliyonunua ni matumizi. Plau la kukokotwa na ng'ombe si matumizi, bali ni rasilimali. Dawa ya kunyunyizia pamba si matumizi ya kaya, bali ni gharama ya uzalishaji. Nyumba mpya ya bati huhesabiwa katika rasilimali. Ng'ombe aliyeuzwa mnadani si matumizi. Mali imegeuka kuwa fedha. Lakini ng'ombe aliyechinjwa arusini na kuliwa ni matumizi.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni chakula ambacho mkulima hula kutoka shambani kwake. Mahindi, mtama, uwele, michembe na matobolwa ambavyo havikupita sokoni navyo huhesabiwa katika matumizi ya taifa, kwa kukadiriwa thamani yake. Katika nchi za wakulima kama Tanzania na Kenya sehemu hii ni kubwa. Kwa hiyo, nchi moja ikikadiria gunia la mahindi kwa bei ya shambani, na nyingine ikalikadiria kwa bei ya sokoni mjini, matumizi yao yataonekana kuwa tofauti hata kama matumbo yameshiba sawasawa.

2. Kichujio cha kwanza: idadi ya watu

Jumla ya matumizi ya nchi haisemi lolote juu ya mtu mmoja mpaka igawanywe kwa idadi ya watu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya Kenya ya mwaka 1969 ilihesabu milioni 10.9. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta watu milioni 47.6, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilikuta milioni 61.7. Nchi zote mbili zimekua zaidi ya mara nne. Basi matumizi ya taifa yakisemwa kwamba yameongezeka mara nne tangu miaka hiyo, maana yake ni kwamba mtu mmoja mmoja amerudi nyuma.

Mkoa wa Simiyu ni mfano wa karibu. Katika sensa ya mwaka 2012, mwaka ulioanzishwa mkoa huo, walihesabiwa watu 1,584,157. Mwaka 2022 walikuwa 2,140,497. Ongezeko hilo ni asilimia 35. Chama cha msingi ambacho duka lake liliuza bidhaa kwa asilimia 20 zaidi katika miaka hiyo kumi kinaweza kujisifu kwamba biashara imepanuka. Lakini kwa kila mkazi wa eneo lake mauzo yamepungua.

3. Kichujio cha pili: kupanda kwa bei

Matumizi yanayotajwa kwa bei za mwaka husika hupanda kwa sababu mbili: ama watu wamepata vitu vingi zaidi, ama vitu vile vile vimepanda bei. Ili kutenganisha mambo hayo mawili, ofisi za takwimu huchagua mwaka mmoja uitwao mwaka wa kizio, kisha huhesabu matumizi ya miaka yote kwa bei za mwaka huo. Hesabu hiyo huitwa matumizi kwa bei za kudumu. Katibu anapokuta tarakimu mbili za miaka tofauti, jambo la kwanza kuuliza ni hili: je, ni kwa bei za kudumu au kwa bei za mwaka husika? Kama gazeti au msemaji hakutaja, tarakimu hizo zisitumiwe kutoa hukumu.

Aidha, ikumbukwe kwamba bei ya kwenye karatasi na bei ya dukani si lazima ziwe moja. Kati ya mwaka 1979 na 1985, baada ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, maduka mengi ya Tanzania yalikosa sukari, sabuni, mafuta ya kula na nguo. Bei ya serikali ilikuwepo, bidhaa haikuwepo. Aliyeipata aliipata kwa foleni, kwa kibali, au kwa bei ya magendo. Mwenye kuyahesabu matumizi ya miaka ile kwa bei ya serikali peke yake angekuwa anahesabu ubao wa bei, si kilichoingia nyumbani.

4. Kichujio cha tatu: thamani ya fedha

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Tanzania ilianza kutumia shilingi yake tarehe 14 Juni 1966, na Kenya ikaanza kutumia yake Septemba mwaka huo huo. Kabla ya hapo nchi hizo, pamoja na Uganda, zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Shilingi hizo mpya zilianza zikiwa sawa kabisa. Jedwali lifuatalo laonyesha yaliyofuata, kwa viwango rasmi vya wastani.

Shilingi kwa dola moja ya Marekani
Mwaka 1966: Tanzania 7.14, Kenya 7.14
Mwaka 1985: Tanzania karibu 17, Kenya karibu 16
Mwaka 1995: Tanzania karibu 575; Kenya karibu 51
Mwaka 2010: Tanzania karibu 1,410, Kenya karibu 79
Mwaka 2023: Tanzania karibu 2,380, Kenya karibu 140

Jedwali hili lina mafunzo matatu.

Funzo la kwanza lahusu mwaka 1985. Mtu aliyebadilisha matumizi ya Mtanzania na ya Mkenya kuwa dola kwa kiwango rasmi cha mwaka huo angeona shilingi ya Tanzania ina thamani karibu sawa na ya Kenya. Lakini kiwango hicho kilishikiliwa na serikali, na katika magendo dola moja iliuzwa kwa shilingi nyingi mara kadhaa. Kiwango rasmi kiliyakuza matumizi ya Mtanzania machoni mwa mgeni, wakati ndani ya nchi watu walitafuta kipande cha sabuni bila kukipata.

Funzo la pili lahusu mwaka uliofuata. Serikali ilipopunguza thamani ya shilingi, dola moja ilifika shilingi 40 katikati ya mwaka 1986. Kwa hesabu ya dola, matumizi ya Mtanzania yalionekana kuanguka zaidi ya nusu katika miezi michache. Je, kuna familia ya Maswa au Bariadi iliyopunguza chakula chake kwa nusu kwa sababu ya tangazo la benki? Hakuna. Kilichobadilika ni kipimo, si chungu kilichokuwa jikoni.

Funzo la tatu ni la siku za karibuni zaidi, nalo lahusu Kenya. Januari 2024 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 160 hivi za Kenya, na kwa shilingi 2,500 hivi za Tanzania. Kwa hiyo shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na karibu 16 za Tanzania. Kufikia Juni mwaka huo dola ilikuwa imeshuka hadi shilingi 129 hivi za Kenya, huku ikipanda hadi 2,600 hivi za Tanzania. Shilingi ya Kenya sasa ilikuwa sawa na 20 za Tanzania. Familia ya Kisii iliyotumia shilingi 10,000 za Kenya Januari ilionekana kutumia shilingi 160,000 za Tanzania. Iliyotumia shilingi 10,000 zile zile Juni ilionekana kutumia 200,000. Tofauti hiyo ya robo haikuongeza hata kibaba kimoja cha unga.

Njia bora ni kulinganisha fedha kwa vitu zinavyonunua. Ichukuliwe, kwa mfano wa kufundishia tu wala si bei halisi, kwamba kapu la unga, sukari, mafuta, sabuni na mafuta ya taa hununuliwa Bariadi kwa shilingi 60,000 za Tanzania, na kapu lile lile hununuliwa Kisii kwa shilingi 4,000 za Kenya. Kwa kapu hilo, shilingi moja ya Kenya ni sawa na 15 za Tanzania, hata kama benki husema 20. Familia ya Kisii itumiayo shilingi 12,000 za Kenya itahesabiwa na benki kuwa imetumia 240,000 za Tanzania. Kapu litasema ni 180,000. Hesabu ya kapu ndiyo iliyo karibu na maisha. Kazi ya kulinganisha bei za nchi kwa njia hii ilianzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1968. Katika awamu ya kwanza, iliyohusu nchi kumi na bei za mwaka 1970, Kenya ilikuwemo. Leo mpango huo huzihusisha nchi nyingi za dunia, Tanzania ikiwa mojawapo.

5. Kichujio cha nne: kipimo kilichotumika

Hata baada ya kurekebisha watu, bei na fedha, kipimo chenyewe huweza kuwa kimebadilishwa. Septemba 2014 Kenya ilitangaza hesabu mpya za Pato la Taifa, zenye mwaka wa kizio wa 2009, na uchumi wake ukaonekana mkubwa kwa robo zaidi. Kwa hesabu hizo Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati. Desemba mwaka huo huo Tanzania nayo ilitangaza hesabu mpya zenye kizio cha mwaka 2007, na pato la mwaka huo likapanda kwa zaidi ya robo. Hakuna gunia lililoongezeka ghalani siku ya matangazo hayo. Shughuli ambazo hazikuwa zikihesabiwa vizuri zilihesabiwa. Kwa sababu hiyo ni kosa kuchukua tarakimu ya mwaka 2005 kutoka kitabu cha zamani na ya mwaka 2015 kutoka kitabu kipya, kisha kusema nchi imepiga hatua kubwa.

Sasa linaweza kujibiwa swali la mwanachama aliyesema maskini ni wengi zaidi Kenya. Uchunguzi wa matumizi ya kaya Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wakiwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 36.1. Mwanachama hakusema uongo. Lakini mstari wenyewe uliwekwa wapi? Tanzania Bara uliwekwa kwenye matumizi ya shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kenya uliwekwa kwenye shilingi 3,252 za nchi hiyo vijijini, na 5,995 mijini. Kwa kiwango cha mwaka 2016, ambapo shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na 21 na nusu hivi za Tanzania, mstari wa vijijini Kenya ulikuwa karibu shilingi 70,000 za Tanzania, na wa mijini karibu 129,000.

Ni dhahiri basi kwamba Kenya iliwaita maskini watu ambao, kwa mstari wa Tanzania, baadhi yao wasingeitwa hivyo. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na bei, ambazo si sawa pande zote mbili, na kwa hiyo haifai kurukia hitimisho la upande wa pili pia. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba asilimia 26.4 na asilimia 36.1 hazikupimwa kwa rula moja.

6. Kinachobaki baada ya kuchuja

Je, mwanachama wa kwanza alikuwa na haki? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Katika miaka ya karibuni matumizi ya kaya kwa mtu mmoja wa Kenya, yakihesabiwa kwa dola, yamekuwa karibu mara mbili ya yale ya Mtanzania. Lakini sababu zake ni mbili, nazo zatakiwa zitenganishwe. Ya kwanza ni kwamba pato la mtu mmoja Kenya ni kubwa zaidi. Ya pili ni kwamba nchi hizo mbili hugawa pato lao kwa namna tofauti. Nchini Kenya matumizi ya kaya huchukua karibu robo tatu ya Pato la Taifa, na ukuzaji rasilimali karibu sehemu moja kwa tano. Nchini Tanzania kaya hutumia chini ya sehemu sita kwa kumi, na karibu sehemu nne kwa kumi huenda katika rasilimali: reli, barabara, umeme, majengo.

Kutumia kidogo, kwa hiyo, si lazima kuwe ni dalili ya unyonge, wala kutumia kingi si lazima kuwe ni dalili ya neema. Mkulima anayetenga mbegu hula kidogo mwaka huu ili ale zaidi mwakani; anayekula mbegu hushiba leo. Hata hivyo kutenga kuna masharti. Mbegu iliyotengwa ikaoza ghalani haikumfaa mtu, na barabara iliyojengwa ikabomoka kabla ya kupitisha pamba ni matumizi yaliyopotea. Vyama vya msingi vinalifahamu jambo hili vizuri, maana kila mwaka mkutano mkuu huamua ziada igawanywe kiasi gani na iwekwe akiba kiasi gani. Swali la taifa na swali la chama ni moja: kilichotengwa kimezaa nini?

7. Vichujio hivi na bei ya pamba

Mwaka 2018 bei elekezi ya pamba mbegu ilitangazwa kuwa shilingi 1,100 kwa kilo. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa shilingi 1,150. Kwa macho, mkulima ameongezewa shilingi 50. Lakini katika miaka hiyo sita mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4.5 kila mwaka. Ni mdogo ukitazamwa mwaka mmoja mmoja. Ukikusanywa wafikia karibu asilimia 24. Kilichonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 2018 kilitaka shilingi 124 mwaka 2024.

Hesabu yake ni hii: 1,150 igawanywe kwa 1.24. Jibu ni shilingi 927. Maana yake, kilo ya pamba ya mwaka 2024 ilinunua vitu ambavyo mwaka 2018 vingenunuliwa kwa shilingi 927 tu. Mkulima hakuongezewa shilingi 50, bali alipungukiwa shilingi 173 katika kila kilo. Kwa mkulima aliyepeleka kilo 600 kwenye mzani wa chama, upungufu huo ni shilingi 103,800 kwa thamani ya mwaka 2018. Ili abaki pale pale alipokuwa, bei ya mwaka 2024 ingepaswa kuwa shilingi 1,364 kwa kilo.

Ni kweli kwamba bei ya pamba hufuata soko la dunia, nayo hupanda na kushuka. Mwaka 2022 ilifunguliwa kwa shilingi 1,560, na mwaka 2023 kwa 1,060. Ndiyo maana mwaka mmoja wa neema au wa shida usichukuliwe kuwa kipimo. Lakini wajumbe wa chama wanaokwenda kuzungumzia bei wakiwa na hesabu ya namna hii mkononi husikilizwa kwa uzito kuliko wanaokwenda na manung'uniko peke yake.

8. Kazi ya katibu

Yafaa kila katibu afungue daftari moja la kulinganisha, na kila mwaka, siku ya kufungua msimu, aandike mambo manne: bei ya kilo ya pamba, bei ya kapu la vitu kumi vinavyotumiwa na kila kaya, vikiwa vile vile na kwa vipimo vile vile kila mwaka, idadi ya wanachama na ya watu katika kaya zao, na kilo zilizopimwa. Vitu vya kapu visibadilishwe bila kuandika sababu. Baada ya miaka mitano, daftari hilo litakuwa shahidi wa chama mbele ya mkutano mkuu na mbele ya mnunuzi.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika haya, yapi ni matumizi ya kaya na yapi siyo: baiskeli ya kupeleka mtoto shule, mbegu za pamba, mchele wa sikukuu, bati za nyumba, vocha ya simu?

2. Mwanachama asema kaka yake aliyeko Nairobi hupata mshahara mara tatu ya ule wa mwalimu wa Bariadi. Ni maswali gani manne yaulizwe kabla ya kukubali kwamba maisha ya kaka huyo ni bora mara tatu?

3. Chama chenu kilinunua pamba kwa bei gani miaka mitano iliyopita, na kwa bei gani msimu uliopita? Kikundi kihesabu kilo moja ilinunua sukari kiasi gani wakati ule, na kiasi gani sasa.

4. Katika ziada ya mwaka uliopita, chama kiligawa kiasi gani na kuweka akiba kiasi gani? Kilichowekwa kimezaa nini?